Malik Ambar hakuomoka peke yake

Wasee, leo tunaenda India. Si ile ya filamu za saa tatu, na si ile ya Ngara na Parklands. Tunarudi nyuma miaka mia nne hivi, na msee tunayemfuata ni mweusi kama mimi na wewe.

Anaitwa Malik Ambar. Kama unaishi kwenye simu kama mimi, pengine ushakutana naye. Kuna kavideo kanazunguka, kana picha ya mzee mweusi amevaa nguo nyeupe, upanga kiunoni, muziki mzito nyuma, halafu maandishi makubwa: alizaliwa mtumwa, akafa mfalme wa India, wewe kisingizio chako ni gani? Nimetumiwa na watu sijui wangapi, na kila mtu anadhani nitafurahi kwa sababu mimi ndiye yule wa mavideo ya historia.

Sasa, shida yangu na hako kavideo. Kwa sentensi moja kamekosea mara mbili, halafu kamenyamazia kitu cha maana zaidi.

Ambar hakuzaliwa mtumwa. Alizaliwa huru karibu mwaka 1548 huko Uhabeshi, Ethiopia ya leo, pande za Harar. Wazazi walimwita Chapu. Aliuzwa akiwa bado mdogo, akavushwa bahari mpaka Mocha kule Yemen, baadaye akafika Baghdad. Hiyo tofauti si ndogo. Ukisema mtu alizaliwa mtumwa ni kama utumwa ulikuwa kwenye damu yake. Hapana bana. Kuna mtu alimuuza na kuna mtu alimnunua.

Na hakuwa mfalme. Malik kwa Kiarabu ni mfalme, sawa, lakini kwake kilikuwa cheo alichopewa akiwa askari kwenye usultani wa Bijapur. Hakukalia kiti cha enzi hata siku moja. Yeye ndiye alikuwa anachagua nani akikalie, na kwangu hiyo ni noma zaidi.

Hata jina Ambar alipewa. Ni ambari hii hii tunayoijua kwa Kiswahili, ile harufu ghali inayotoka kwa nyangumi. Wenye watumwa walipenda kuwapa majina ya vitu vya thamani, manukato na vito. Fikiria mtu anakuita Marashi na bado anakuweka sokoni.

Kitu kinachonyamaziwa ni hiki: aliyempa hilo jina, tajiri wa Baghdad aitwaye Mir Qasim, alimpeleka shule. Kijana akafundishwa dini, kusoma na kuandika, hesabu, mambo ya utawala. Mir Qasim hakuwa malaika, alikuwa mtu aliyenunua mtoto. Lakini Chapu alipofika India hakuwa kijana mtupu mwenye ndoto na bidii. Alikuwa msomi. Kwa zile enzi, alikuwa na karatasi zote, ila tu hakuwa mali yake mwenyewe.

Naweka mkazo hapo kwa sababu ya ujumbe niliopata majuzi kutoka kwa kijana mmoja wa Gatina, hapo Kawangware. Amemaliza fom foo, amepata nafasi chuoni, na amekaona hako kavideo. Akaniandikia: bro, Ambar hakuwa na digrii, wewe pia uliacha chuo na uko freshi, mimi naona niingie tu mtaani nijitafute.

Niliusoma huo ujumbe nikiwa ndani ya 46, tumekwama Valley Road, na nikajibu nikiwa bado hapo hapo. Nilimwambia mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo iliisha. Sikuwa na falsafa yoyote. Mathe aliuza kila kitu kilichouzika na bado hesabu ikakataa. Na kama niko freshi, ni kwa sababu kuna mwenye saiba pale Olympic, Kibera, aliyeniachia kompyuta yake usiku mwaka mzima bila kunidai, na kuna binamu aliyenifundisha kukata video kwa laptopu ya kazini kwake. Ukitoa hao wawili kwenye hadithi yangu, unabaki na jamaa aliyeacha shule. Nikamalizia: na Ambar alisoma, kasome.

Turudi India. Miaka ya mwanzo ya 1570 Ambar alipelekwa Deccan, zile nyanda za juu katikati ya India, kwenye usultani wa Ahmadnagar. Aliyemnunua huko alikuwa waziri mkuu, Chingiz Khan. Jina linafanana na lile la Mmongolia, lakini si yeye. Chingiz Khan huyu alikuwa Mhabeshi. Yaani mweusi, mtumwa wa zamani, ambaye tayari alikuwa amepanda mpaka karibu juu kabisa. Alikuwa na Wahabeshi wenzake karibu 1,000, wote wamenunuliwa, na Ambar akawa mmoja wao. Basi kijana wetu akakaa miaka kadhaa akiangalia kwa karibu vile mtu wa sura yake anavyoendesha serikali.

Kwani masultani walitaka Wahabeshi wa nini? Hesabu yao ilikuwa rahisi. Mgeni hana mjomba hapo mjini wa kupanga naye mapinduzi. Hana shamba, hana ukoo, anakutegemea wewe. Kama unakaa Kibera hiyo hadithi unaijua kwa jina lingine. Waingereza waliwachukua Wanubi kutoka Sudan wakawafanya askari, wakapigana vita ambavyo havikuwa vyao, halafu mwanzoni mwa karne ya 20 wakawekwa kwenye msitu walioita Kibra, zaidi ya ekari 4,000. Bila hati. Mwaka 2017 ndipo wakapewa hati, ya ekari 288. Ukipita Makina leo utawakuta wajukuu na vitukuu.

Tofauti ni kwamba kule Deccan askari mgeni aliweza kupewa vijiji, akakusanya kodi yake, akalisha watu wake na farasi wake. Ukishakuwa na farasi wako, hesabu ya sultani inaanza kuharibika.

Chingiz Khan alikufa karibu mwaka 1575, na mjane wake akamwacha Ambar huru. Jina la huyo mama halipo kwenye kavideo kokote, wala mimi sijawahi kumwona kwenye picha. Lakini bila uamuzi wake hatuna hadithi. Hapo Ambar alikuwa na miaka kama ishirini na saba. Akaoa, akaenda kutafuta kazi ya uaskari, na akaifanya miaka ishirini bila kujulikana sana. Ishirini! Siku hizi mtu akikaa miezi sita bila wafuasi elfu kumi anasema ni urogi.

Aliporudi Ahmadnagar karibu 1595 alikuwa na wapanda farasi kama 150. Na huko kulikuwa kunaungua. Dola ya Mughal, ya Akbar, ilikuwa inashuka kutoka kaskazini ikimeza kila kitu, na mwaka 1600 ikauteka mji mkuu wa Ahmadnagar na ngome yake. Kwenye vitabu hapo ndipo usultani ulipaswa kuisha. Lakini wanajeshi waliotawanyika walianza kumfuata Ambar, Wahabeshi kwa Wamaratha, na ndani ya miaka michache wale 150 walikuwa maelfu. Akamtafuta kijana wa ukoo wa kifalme, akamweka kwenye kiti kama Murtaza wa Pili, akamwoza binti yake, na yeye akawa mwendeshaji wa kila kitu. Alikaa hapo mpaka kufa, miaka 26.

Mbinu yake ilikuwa kukataa kupigana vile adui anataka. Jeshi la Mughal lilikuwa na tembo, mizinga, misafara mirefu ya chakula. Ambar alikuwa na farasi wepesi na watu wanaojua kila bonde. Basi anakata njia za chakula, anapiga usiku, anakimbia makusudi ili umfuate kwenye makorongo, halafu unagundua umechelewa. Wamaratha walikuwa mabingwa wa hiyo kazi, na mmoja wa makamanda wao waliopigana upande wake aliitwa Shahaji. Mtoto wa Shahaji ni Shivaji, huyo mfalme shujaa ambaye Wahindi wa Maharashtra wana sanamu yake karibu kila mji. Shivaji naye alipokuja kupigana na Mughal, alitumia mbinu za aina hiyo hiyo. Sisemi Ambar ndiye aliyevumbua, watu wa milima walikuwa wakipigana hivyo tangu zamani. Lakini aliifanya kuwa kazi ya jeshi zima, na shule hiyo Shahaji aliipitia.

Vita ambavyo mimi binafsi navipenda ni vya Bhatvadi, mwaka 1624. Ambar ana miaka sabini na kitu. Mughal na Bijapur wameungana dhidi yake. Karibu na kambi yao kuna ziwa. Mzee akaamuru kingo za ziwa zibomolewe. Maji yakashuka, ardhi ikawa matope, tembo na mizinga vikakwama, halafu usiku ndio wakaanza kutembelewa. Wewe mkaaji wa Kibera unayejua mvua ya Aprili inavyofanya njia zetu, jaribu kuvuta mzinga hapo.

Akbar alikuwa amekufa 1605, na mtoto wake Jahangir alirithi ufalme pamoja na hiyo shida. Jahangir alikuwa mtawala wa mojawapo ya dola tajiri zaidi duniani, na alishindwa kumaliza Mhabeshi mmoja. Kwenye kumbukumbu zake anamtukana kila anapomtaja, na matusi mengi ni ya rangi ya ngozi. Halafu akafanya kitu ambacho nikikionyesha kwa video watu hucheka. Alimwagiza mchoraji wake, Abu'l Hasan, amchore yeye Jahangir akiwa amesimama juu ya dunia, dunia yenyewe imebebwa na ng'ombe juu ya samaki, anapiga mshale kichwa cha Ambar kilichotundikwa kwenye mkuki. Picha ipo mpaka leo, iko Dublin, kwenye maktaba ya Chester Beatty. Na hicho kitu hakikutokea. Ambar alikufa kitandani mwaka 1626, kichwa kikiwa mahali pake. Alipokufa, mwandishi wa huyo huyo Jahangir akakubali kwa maandishi kwamba katika vita na katika uongozi huyu mzee hakuwa na mwenzake.

Mpaka hapo mnataka kumchora kwenye mathree, najua. Subirini.

Mwaka 1610 kulikuwa na ugomvi nyumbani kwa sultani. Mke mkubwa, Mwajemi mweupe, alimtusi binti wa Ambar, kwamba ni mtoto wa mtumwa, mweusi tu, na akamtukana baba mtu pia. Binti akamwambia baba. Muda si muda sultani Murtaza na huyo mke walikuwa wamekufa kwa sumu, na kwenye kiti kakaa mtoto wa miaka mitano. Kuna watakaosema alitetea heshima ya binti yake. Mimi naona pia kwamba sultani alikuwa ameanza kukua na kuwa na maoni yake, na mtoto wa miaka mitano hana maoni. Na jeshi lake la Wahabeshi? Wengi walikuwa wamenunuliwa, kama alivyonunuliwa yeye. Mtu aliyejua soko la watu kutoka ndani hakulifunga alipopata nguvu. Alilitumia. Hilo pia mtaniambia nilitoe kwenye video kwa sababu linaharibu hadithi, na mimi sitalitoa.

Sasa kitu ambacho hakina damu, na ndicho kilichonifanya nianze kumsoma. Mwaka huo huo wa 1610 alianzisha mji mpya, Khadki, mahali pakavu. Ili watu wakae hapo alijenga mfumo wa maji unaoitwa Nahr-i-Ambari, yaani mto wa Ambar. Walichimba mifereji chini ya ardhi kutoka vilimani, wakaweka mabomba ya udongo, wakajenga minara ya kupumulia hewa, na maji yakashuka mpaka mjini kwa mteremko peke yake. Hakuna pampu, hakuna injini. Maji yalifika kwenye matangi ya mitaa, watu wakachota. Sehemu za huo mfumo ziliendelea kufanya kazi kwa karne nyingi baada ya yeye kuzikwa.

Mimi nimekulia kwenye nyumba ambayo mtungi wa lita ishirini una bei, na bei inapanda siku ile mfereji umekauka, yaani siku ile unauhitaji zaidi. Mathe alikuwa anaamka saa kumi kupanga mitungi. Kwa hiyo nikisoma kwamba mtu aliyeuzwa kama mbuzi alifika juu na akafikiria mteremko, mabomba, na mama anayechota maji asubuhi, hapo nasimama. Vita nitasahau tarehe. Hayo maji siwezi kusahau.

Halafu kuna walioenda na hawakuwa majenerali. Wengi walikuwa wafanyakazi tu, mabaharia, walinzi, wapishi. Kizazi chao kiko India mpaka leo, makumi ya maelfu ya watu, wanaitwa Masidi, wako Gujarat, Karnataka, Hyderabad na kwingineko. Wanaongea Kigujarati au lugha za huko, wanakula chakula cha huko. Lakini wale wa Gujarat wana ngoma ya kidini wanayopiga na kucheza, na wanaiita goma. Sema hilo neno polepole. Ngoma. Bahari nzima imepita katikati, lugha imepotea, na hilo neno limebaki mdomoni.

Kuna Masidi waliofanikiwa kubaki na nguvu pia. Kisiwa cha Janjira, karibu na Mumbai, kilikuwa na ngome yao, na huyo Shivaji mwenyewe alijaribu kuiteka akashindwa. Mtoto wake Sambhaji akajaribu, akashindwa. Masidi walitawala pale mpaka 1948, India ikiwa tayari imepata uhuru.

Na wengine walirudi. Waafrika walioachiliwa kutoka mashua za watumwa walilelewa na wamishonari kule Nashik, huko huko Maharashtra, halafu kuanzia miaka ya 1860 baadhi yao wakaletwa pwani yetu, Rabai kwanza, na baadaye Frere Town pale Mombasa. Sisi tulimeza mkutano wa Berlin wa 1884 mpaka nukta ya mwisho, na sikumbuki mwalimu hata mmoja akituambia kwamba kabla Mhindi hajaletwa kujenga hii reli inayopita katikati ya Kibera, tayari kulikuwa na Waafrika wamekaa India mamia ya miaka, na wengine washarudi wakiongea Kihindi.

Ya Ambar yaliishaje? Vibaya. Mtoto wake Fateh Khan alirithi cheo bila akili ya baba. Akamuua sultani aliyekuwa amemweka babake, akayumba mara upande huu mara ule, na mwaka 1633 akaitoa ngome ya Daulatabad kwa Mughal. Miaka mitatu baadaye Ahmadnagar haikuwepo tena kwenye ramani.

Khadki ilibadilishwa jina na Fateh Khan ikawa Fatehnagar. Ikaja kuwa Aurangabad, kwa jina la Aurangzeb, mjukuu wa yule Jahangir wa mshale. Mwaka 2023 serikali ikaubadilisha tena, sasa ni Chhatrapati Sambhajinagar, kwa jina la mtoto wa Shivaji, yaani mjukuu wa Shahaji aliyepigana upande wa Ambar pale Bhatvadi. Mwenyewe amelala Khuldabad, mji mdogo jirani, chini ya kuba la mawe. Aurangzeb naye kazikwa huko huko, kwenye kaburi dogo lisilo na kuba.